Altezza uliyoichezea: uiuze ilivyo, uirudishe stoku, au umwachie dalali?

Dalali alilizunguka gari mara mbili, akainama kuchungulia chini ya bampa, akasimama akijipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Kaka, gari kali. Ila hii ni gari ya mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Wewe."

Lilikuwa Toyota Mark II Grande, GX110 nyeusi, silinda sita, nimelishusha mpaka tuta la mtaani kwetu nilikuwa nalipanda kwa ubavu kama kaa. Nilimwachia yule dalali auze, na hela niliyopata sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu atasoma haya. Baadaye niliuza Toyota Altezza RS200 mwenyewe, bila dalali, na katikati hapo nikamsaidia binamu yangu kuuza Subaru Impreza WRX yenye injini ya kubadilishwa. Yote matatu yalitoka Japani, yote yalichezewa hapahapa Dar, yaani yalifungwa vitu visivyo vya kiwandani, na kila moja liliuzwa kwa njia yake. Mimi si mfanyabiashara wa magari. Nina risiti tu, na kumbukumbu chungu.

Njia zenyewe: uuze gari lilivyo, na kila ulichofunga kikiwa juu yake, ulirudishe stoku, yaani lilivyotoka kiwandani, kisha uuze gari peke yake na vitu peke yake, au umpe dalali au yadi ya magari wahangaike nalo. Ipo na ya nne, kulichinja ukauza spea. Hiyo nitaigusa mwishoni kwa kifupi, maana wengi wanaoisifia hawajapiga hesabu.

Anayekuja kuliona ni nani

Wa kwanza ni mtu wa kawaida. Ana milioni tisa au kumi, anataka gari la kutoka Mbezi kwenda Posta na kurudi, na anaitaka Altezza kwa sababu aliipenda tangu yuko chuo. Huyu akiona gari limeshushwa, haoni shokapu za bei mbaya. Anaona njia ya kwao yenye mashimo na mvua za masika. Akisikia ekzosti anamfikiria trafiki. Akiona geji imebandikwa juu ya deshibodi anajiuliza gari limekimbizwa kiasi gani, na mtu akishaanza kujiuliza, bei inashuka kabla hajafungua mdomo.

Wa pili ni mtu wa magari. Anajua kwenye Altezza SXE10 ni ipi na GXE10 ni ipi: ya kwanza ndiyo RS200 yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne, ya pili ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita. Anajua RS200 ya manyuo, yaani ya gia za mkono, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210 na gia sita, na kwamba mwaka ilipotoka, 1998, ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani. Huyu humdanganyi, na anaweza kulipa. Tatizo ni kwamba naye ana ladha yake. Rimu zako angezipenda za dhahabu, bodikiti yako, zile bampa za faiba, kwake ni ya kitoto, na ekzosti angefunga ya kampuni nyingine. Analitaka gari lako, ladha yako haitaki. Na wako wachache, wanajuana, na wengi wao mwezi huu hawana hela.

Chagua njia ukijua unamuuzia nani kati ya hao wawili. Ukitaka kuwauzia wote kwa tangazo moja, utaishia kujibu meseji za "bei ya mwisho?" mpaka simu izime chaji.

Bei inaanzia bandarini

Muuzaji wa gari la zamani la Kijapani ana silaha moja ambayo wengi hawaitumii: hesabu ya kuliagiza jingine. Altezza iliacha kutengenezwa 2005, kwa hiyo yoyote inayoingia Tanzania sasa imepita miaka kumi na inabeba ushuru wa uchakavu. Kwa viwango tulivyovizoea, hesabu inakwenda hivi. Gari limefika Dar kwa thamani ya 100, nauli na bima ndani. Ushuru wa forodha asilimia 25 unalifikisha 125. Juu ya hiyo 125 unaweka ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 hadi 2000, pamoja na asilimia 30 ya uchakavu, unakaribia 169. Kisha VAT asilimia 18, unagonga 199. Gari limejizidisha mara mbili, na bado hujalipa tozo ndogondogo, usajili wala wakala wa bandarini.

Na huko Japani kwenyewe hazidondoki tena kama maembe. Marekani wanaruhusu gari likishafikisha miaka 25 liingie bila masharti yao ya kawaida ya usalama, kwa hiyo Altezza za 1998 zilifunguliwa mlango 2023. Unagombania mnadani na mtu wa Texas.

Mnunuzi akikwambia "kwa hela hiyo si bora niagize," mfanyie hesabu hiyo palepale, polepole, kwa kikokotoo cha simu yake mwenyewe. Ila angalia inakusaidia kwenye kitu gani: inatetea bei ya gari safi, lililo karibu na lilivyotoka kiwandani. Haitetei bodikiti. Hakuna ushuru wa forodha uliowahi kuipandisha thamani bampa ya faiba.

Utapigiwa pia simu na watu wa Nairobi. Kuwa nao mpole lakini usiwasubiri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Altezza ilishapita huko zamani. Mnunuzi wa Unguja ni mtu wa kweli, ila naye ana mlolongo wake wa kusajili upya upande wa pili, na gharama hiyo atataka uibebe wewe kwenye bei.

Kuuza lilivyo

Impreza ya binamu yangu haikuwa na uchaguzi mwingine. Ilikuwa ya bluu, yale macho ya mviringo ya mwanzo wa miaka ya 2000, na injini yake ya kwanza ilikufa njiani Chalinze. Akafunga injini nyingine ya EJ20 yenye turbo kubwa zaidi, akabadilisha kontrol boksi (kompyuta ya injini), akabadilisha klachi, akakata chuma mbele ili kupoza hewa ya turbo. Gari la namna hiyo halirudi stoku. Stoku yake ilishauzwa chuma chakavu.

Kwa hiyo tukatafuta mtu wa magari, na hapa nilijifunza kuwa kwa mtu wa aina hiyo maneno hayauzi. Hakutaka kusikia "mashine kali". Aliuliza injini ilifungwa na fundi gani, lini, imepimwa kompresheni (mgandamizo wa kila silinda) au bado, presha ya turbo imewekwa ngapi, na nani aliandika upya programu ya injini. Binamu alikuwa na majibu ya nusu ya maswali hayo. Tukaenda kupima kompresheni, tukapiga picha ya geji kwenye kila silinda, tukamtumia. Kipimo hicho kilifanya kazi kuliko picha zote za machweo pale Coco Beach.

Bei ikakubalika. Kisha tukakwama kwenye kitu ambacho hakina uhusiano na turbo: kadi ya gari ilikuwa bado na namba ya injini iliyokufa Chalinze. Namba ya injini, namba ya chasisi, rangi, ukubwa wa injini, vyote viko kwenye kadi, na mnunuzi mwenye akili anafungua boneti akiwa ameishika mkononi. Huyu alikuwa na akili. Binamu alikuwa hajui risiti ya ile injini iko wapi. Ikabidi kumtafuta aliyemuuzia, kupata maandishi, kwenda kwa polisi wa usalama barabarani kukagua, ndipo kadi irekebishwe TRA. Ulikatika mwezi, na kila wiki mnunuzi alikuwa anapunguza bei kidogo "kwa usumbufu". Alikuwa na haki.

Lilikwenda Arusha hatimaye, kwa kijana anayependa mambo ya rali. Kuuza lilivyo kunafaa gari kama hilo, ambalo mabadiliko yake yameingia mpaka kwenye mifupa. Kunafaa pia kama vitu ulivyofunga ni vichache, vya jina, na kazi imefanywa na fundi ambaye watu wa magari wanamheshimu. Ila jiandae kusubiri, na usiwe na shida ya ada ya shule mwezi huo.

Kurudisha stoku

Altezza yangu nilianza kuiuza ilivyo. Tangazo nililiandika kwa moyo wote:

"Altezza kali, imemodifaiwa yote, koilova, spoti rimu 18, bodikiti, ekzosti mlio wa hatari, kiti cha rali. 11M, maongezi yapo."

Koilova ndizo springi na shokapu za kushushia gari. Wiki nne zikapita. Simu zilikuwa nyingi, na wengi walikuwa vijana waliotaka kuja kuisikiliza tu. Mmoja alitaka tubadilishane na bodaboda mbili na hela kidogo juu. Ofa kubwa ya maana ilikuwa milioni 8.5.

Siku moja nikiwa stoo kwa mama, Tabata, natafuta ndoo, nikakuta rimu zangu za zamani zimefunikwa gunia. Inchi 17, zilezile ilizokuja nazo kutoka Japani. Pembeni yake kiti cha dereva, bampa ya mbele, na mfuko wa nati ambao niliuandika kwa kalamu ya wino "ALTEZA" yenye z moja. Nilikaa juu ya gunia la mkaa nikaanza kujumlisha.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Springi na shokapu za kiwandani nilikuwa nazo, ila za mbele zilikuwa zinavuja, nikatafuta za mtumba Ilala. Ekzosti ya awali niliigawa zamani, nikanunua sailensa ya nyuma. Matairi ya inchi 17 yalikuwa yameoza, nikaweka yaliyotumika. Jumla ya kurudisha, pamoja na fundi, ilikuwa shilingi 990,000, na nilikuwa naumwa moyo kila nilipotoa noti. Vile vitu nilivyovua navyo nikaviuza kimoja kimoja:

| Kitu | Nilinunua | Niliuza |
|---|---|---|
| Koilova | 1,800,000 | 950,000 |
| Rimu za inchi 18 na matairi | 1,900,000 | 1,200,000 |
| Ekzosti | 600,000 | 200,000 |
| Kiti cha rali | 450,000 | 300,000 |
| Bodikiti na rangi yake | 1,500,000 | bado iko stoo |

Kilichouzwa ni 2,650,000 kutoka kwenye 6,250,000. Usihuzunike sana kwa safu ya kati. Hiyo hela ilishakufa siku uliyofunga. Swali ni safu ya kulia, na ona jinsi isivyo sawa: kinachofungwa kwa bolti na kinachoingia kwenye gari la mtu mwingine kinarudisha nusu au zaidi, ukiacha ekzosti iliyonirudishia theluthi. Kilichopakwa rangi ili kifanane na gari lako hakirudishi kitu. Zile koilova zilinunuliwa siku ya tatu na mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa amekataa gari zima.

Kisha nikaandika tangazo la pili:

"Altezza RS200, namba C, manyuo gia sita, silva, km 143,000. Mkanda wa taiming umebadilishwa, risiti ipo. AC inapuliza, haijagongwa. Kadi ina jina langu. Milioni 11."

Hilo neno la kadi usilidharau. Magari mangapi mjini yanauzwa kwa kadi yenye jina la mtu wa tatu nyuma, ambaye yuko Mwanza na simu yake haipatikani? Watu watatu waliniambia walipiga simu kwa sababu ya sentensi hiyo.

Aliyenunua ni dada mmoja anayefanya kazi bandarini. Alikuja saa moja asubuhi, kabla sijanywa chai, akiwa na fundi wake, mzee mfupi mwenye tochi kwenye mfuko wa shati. Mzee hakusalimia gari. Alinisalimia mimi, kisha akaweka kiganja juu ya boneti.

"Umeshaliwasha leo?"

"Bado, mzee."

"Vizuri."

Alitaka kuisikia ikiwa baridi. Injini hizi za 3S-GE zina VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, pande zote mbili, na ile gia ya upande wa ekzosti ikichoka inagonga asubuhi unapowasha, halafu ikipata moto inanyamaza. Muuzaji anayelipasha gari moto kabla mteja hajafika anaficha kitu, au anaonekana anaficha, na kwa fundi kama yule ni mamoja. Aliwasha, akainamisha kichwa kama anasikiliza mtoto mgonjwa. Hakukuwa na mlio. Kisha akaanza kukagua nati za boneti na za mabawa ya mbele, moja moja, kwa tochi. Rangi ikiwa imepasuka kwenye kichwa cha nati, kuna siku kipande hicho kilitolewa. Mbili za bampa zilikuwa zimepasuka.

"Hapa palifunguliwa."

Nikamwambia ukweli wote: kulikuwa na bodikiti, nimeirudisha ya kiwandani, picha hizi hapa, gari lilikuwa hivi. Nilimwonyesha na risiti za koilova. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa anayerudisha stoku: usijifanye gari halikuguswa. Alama zitabaki. Mashimo ya skrubu chini ya mlango yatabaki, waya wa geji utabaki nyuma ya deshibodi. Aliyeambiwa mapema anapunguza laki mbili. Aliyejigundulia mwenyewe anaondoka. Dada alinitazama, akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unalikimbiza, kaka?" Nikamwambia mara nyingi nilikuwa naliosha. Mzee ndiye aliyecheka.

Tulifunga milioni 10.2, siku ya 16 tangu tangazo la pili. Ukijumlisha vitu na kutoa gharama ni 11,860,000. Ofa kubwa ya gari likiwa limevaa kila kitu ilikuwa 8.5. Tofauti ni milioni tatu na laki tatu na ushee, kwa kazi ya siku mbili za fundi na jioni kadhaa za kujibu simu za rimu.

Njia hii haikufai kama vitu vya awali uliviuza au kuvitupa. Kununua springi, rimu, bampa, kiti na ekzosti vya mtumba ili tu gari lionekane halijaguswa kunaweza kumeza faida yote. Hapo rudisha mawili tu, urefu na mlio. Gari likisimama kwa kimo chake na likinyamaza, mtu wa kawaida anasamehe rimu, pengine hata anazipenda.

Dalali na yadi

Sina ugomvi na madalali. Wana wateja, wanajua nani ana hela leo, na wanaongea na watu ambao wewe ungewakatia simu. Kinachokuumiza ni cha juu. Unamwambia nataka tisa, anakwenda sokoni na kumi na nusu. Mteja wa tisa na nusu, ambaye wewe ungemkumbatia, anakataliwa bila wewe kujua. Gari linakaa, wewe unashikwa na wasiwasi, unashusha hadi nane. Cha juu kinazidi kunenepa. Ndivyo ilivyokwenda Mark II yangu. Ukimtumia dalali, patana naye kamisheni ya kiasi kinachojulikana, mwambie bei inayotangazwa ni ileile unayoijua wewe, na uwepo siku ya kulipana.

Yadi wao mara nyingi hawalitaki kabisa gari lililochezewa. Linaharibu mstari. Wakilitaka, ni kwa kubadilishana: unaacha lako unachukua la kwao na kuongeza hela, na lako linapewa bei ya gari lenye ugonjwa. Kuna wakati hiyo ni sawa. Ukiwa unahama nchi Ijumaa, au mtoto anazaliwa na Altezza haina pa kufunga kiti chake kwa sababu uling'oa viti vya nyuma, mpe dalali, chukua hela, lala.

Na kuchinja. Kwenye SXE10 gia boksi ya gia sita na injini vitaondoka haraka, mafundi wanavitafuta. Milango na taa vitafuata. Baada ya hapo unabaki na bodi juu ya matofali, jirani analalamika kuhusu mbu, na kadi yenye jina lako kwa gari ambalo halipo. Kwa gari lililogongwa sana, sawa. Kwa gari linalotembea, hapana.

Siku yenyewe

Kwa aliyemwachia dalali, sehemu hii anafanyiwa, vizuri au vibaya. Kwa wewe unayeuza mwenyewe, angalia faini mapema kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, maana mnunuzi naye ataangalia, na nilipouza mimi kila kosa lilikuwa 30,000. Gari lenye muonekano wa mbio linapigwa tochi ya kupima mwendo kuliko la kawaida. Mimi nilikuta tano, mbili sizikumbuki hata barabara yake.

Kulijaribu barabarani: unaanza kuendesha wewe, yeye akikaa pembeni, kisha mnabadilishana, na leseni yake umeshaipiga picha. Gari lililomodifaiwa lina uzito wake hapa. Mtu asiyezoea klachi ngumu au turbo inayochelewa kisha ikaja kwa mkupuo anaweza kulifikisha kwenye nguzo ya umeme ndani ya mita mia. Kama ni bima ndogo tu, hasara ya gari ni yako.

Ukichukua kishika uchumba, yaani malipo ya awali, andikeni kiasi na tarehe ya mwisho. Hela yenyewe ipokelewe kaunta ya benki. Meseji ya muamala kwenye simu si hela mpaka uione kwenye akaunti yako. Mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, na ndani yake yaandikwe mambo mawili ambayo mikataba mingi ya kunakili haina: saa kamili gari lilipokabidhiwa, na orodha ya vitu vilivyobadilishwa na mnunuzi akavikubali. Saa inakulinda na faini ya jioni ileile. Orodha inakulinda na simu ya baada ya wiki tatu, "mbona hujaniambia kontrol boksi si ya kwake?"

Na umiliki uhamishwe TRA kweli, usikubali "nitahamisha mwenyewe bro, usijali". Nenda naye, TIN yako na yake. Yule dada ndiye aliyenivuta mkono mimi kwenda, na jioni kadi ilikuwa haina jina langu tena. Alipoondoka alipiga honi mara moja, gari likapanda tuta la mtaani kwetu moja kwa moja, bila ubavu.

Bampa ya faiba bado iko Tabata, nyeupe upande mmoja, imepasuka kidogo kwenye kona ya kushoto, mama ameanikia juu yake vitunguu. Mwenye SXE10 aje aichukue, maongezi yapo.